Manyuali au Otomatiki: Uliza Kwanza Mlima, Mzigo na Fundi

Mwaka jana, ndani ya wiki mbili, swali moja lilinifikia kutoka kwa watu wawili wa familia moja. Wa kwanza alikuwa mpwa wangu, anayenunua kabichi na karoti Lushoto na kuzishusha hadi Mombo, kwenye barabara kuu. "Shikamoo mjomba," alianza. "Nimepata hela ya Probox. Nichukue ya klachi au otomatiki?" Wa pili alikuwa mama yake, dada yangu, anayetoka Mbagala alfajiri kwenda kazini katikati ya jiji la Dar es Salaam na kurudi jioni, huku goti lake la kushoto likiwa limeanza kumsumbua. Yeye tayari alikuwa na gari la klachi na alitaka kujua kama alibadili.

Kila mmoja nilimpa jibu lake, na majibu hayakufanana. Nitaeleza hapa nilivyoyafikia, kwa sababu naona watu wengi wanatoa mamilioni yao kwa kusikiliza ubishi wa kijiweni. Huko suala la gia limegeuzwa Simba na Yanga. Mwenye manyuali anasifiwa kuwa ndiye dereva hasa. Mwenye otomatiki anaambiwa anaendesha gari la kike. Maneno hayo hayamsaidii mnunuzi. Sanduku la gia lichaguliwe kwa kuangalia njia litakayopita, kazi litakayofanya, na fundi atakayelifungua siku likiugua. Mengine ni fahari tu, na fahari hailipi gharama za gereji.

Kinachofanyika chini ya sakafu

Injini ya petroli au dizeli ina udhaifu mmoja wa kuzaliwa: haiwezi kuvuta ikiwa imesimama. Lazima iwe inazunguka ndipo iwe na nguvu, na hata hapo nguvu yake haitoshi kulisukuma gari zito kutoka pale liliposimama bila msaada. Msaada huo ndio gia. Gia ya kwanza hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Gia ya juu hupunguza nguvu na kuongeza mwendo.

Kwenye manyuali, kati ya injini na sanduku la gia kuna sahani ya klachi, iliyobanwa kwa springi kali. Ukikanyaga pedali unaiachanisha sahani na injini, unatia gia, kisha unaachia taratibu mpaka viwili hivyo vizunguke pamoja. Zamani kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko leo. Gia zilikuwa zikigongana na kulia mpaka dereva awe na ustadi wa kukanyaga klachi mara mbili. Mwaka 1928 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilileta vifaa vya kusawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, na huo ndio mfumo ambao kila manyuali ndogo ya leo inautumia.

Otomatiki ya kuuzwa kwa wingi ilikuja miaka kumi na kidogo baadaye. General Motors iliitangaza Hydra-Matic mwaka 1939, ikiwa imefungwa kwenye magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940. Mahali pa klachi ya mguu pakawekwa bakuli lililojaa oili, lenye mapanga pande mbili yanayotazamana. Upande wa injini ukizunguka, oili hurushwa upande wa pili na kuuzungusha nao. Ndiyo maana otomatiki husimama kwenye taa nyekundu bila kuzimika: oili inateleza katikati. Nyuma ya bakuli hilo kuna gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati kama sayari na jua, na klachi kadhaa nyembamba zinazobanwa na kuachiwa kwa presha ya oili hiyo hiyo.

Aina ya tatu ndiyo imejaa mitaani kwetu bila wengi kuijua. Mwaka 1958 kampuni ya DAF ya Uholanzi ilitoa gari dogo lisilo na gia za kuhesabika, kwa ubunifu wa Hub van Doorne. Lilikuwa na jozi za puli na mikanda. Puli moja ikipanuka nyingine inabana, na uwiano unabadilika bila kituo chochote katikati. Mkanda wa mpira wa wakati ule umekuwa mkanda wa chuma, na mfumo wenyewe tunaujua kwa herufi tatu, CVT. Ukiliendesha gari la namna hii hulisikii likibadili gia. Linavuma kwa sauti moja huku mwendo ukipanda.

Katika maelezo yote hayo kuna neno moja la kushika, nalo ni oili. Kwenye manyuali, oili ya gia kazi yake kubwa ni kulainisha. Kwenye otomatiki, oili hulainisha, hupooza, hubeba nguvu ya injini na husukuma klachi za ndani. Kwenye CVT ina kazi nyingine ya ajabu zaidi: kuufanya mkanda wa chuma uishike puli ya chuma bila kuteleza na bila kukwaruza. Hasara nyingi nilizoziona gereji zilianzia hapo.

Uamuzi uliofanyika Japani

Kabla hatujabishana kuhusu kuchagua, tukubali kwamba sehemu kubwa ya uchaguzi huu ilishafanyika mbali na sisi. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto kama Wajapani, na magari yetu madogo mengi ni yale waliyoyatumia wao wakayachoka. Mjapani akipenda otomatiki, sisi miaka minane baadaye tunaipokea bandarini.

Naye aliipenda mapema. Mwaka 1991 Japani ilianzisha leseni ya otomatiki pekee, ambayo mwenye nayo haruhusiwi kushika gari la klachi. Vijana wengi wakaona hakuna sababu ya kujifunza jambo gumu kwa ajili ya magari yanayozidi kupungua, na watengenezaji wakawafuata wanunuzi. Probox yenyewe ni mfano mzuri. Toleo la kuanzia 2002 lilipatikana kwa otomatiki ya gia nne na kwa manyuali ya gia tano. Toyota ilipolifanyia mabadiliko makubwa mwaka 2014, manyuali ikaondolewa na otomatiki ya kawaida ikaipisha CVT.

Linganisha hilo na sheria zetu. Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, kwa hiyo mlango wa kuagiza Probox ya klachi kutoka Japani umeshafungwa huko. Zilizobaki ni zile ambazo tayari ziko barabarani. Tanzania haijaweka ukomo wa namna hiyo, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada. Mtanzania anayetaka manyuali anaweza kuipata, lakini atainunua ikiwa na umri mkubwa na ushuru wake.

Kwa hiyo kwa wengi wetu swali la "manyuali au otomatiki" linazaa la pili lililo zito zaidi: ni otomatiki gani? IST ya toleo la kwanza, ya 2002 hadi 2007, ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Ya toleo la pili yenye injini ya 1.5 na inayovuta kwa magurudumu ya mbele ina CVT. X-Trail ya kwanza ya petroli na ile iliyofuata mwaka 2007 zinafanana jina, lakini chini ya sakafu ni magari mawili tofauti. Dalali atakwambia "ni oto, bosi," akanyamaza hapo. Wewe usinyamaze.

Foleni ina haki yake, mlima una haki yake

Turudi kwa dada yangu. Kutoka Mbagala kwenda mjini asubuhi, gari halitembei, linajivuta. Linasogea urefu wa magari mawili, linasimama, linasogea tena. Kwenye manyuali kila msogeo ni klachi chini, gia ya kwanza, balansi, klachi chini, nyutro. Siku moja nilikaa kiti cha pembeni nikamhesabia. Kabla ya kufika Mtoni kwa Azizi Ali alikuwa ameshakanyaga klachi mara zaidi ya mia moja, kila mara kwa goti lile bovu. Sahani ya klachi nayo ilikuwa inaumia, maana balansi ya muda mrefu ndiyo inayoiunguza.

Kwa mtu wa aina hiyo otomatiki si anasa. Kwa mtu aliyepoteza mguu wa kushoto, au ambaye mguu huo umepooza, ndiyo tofauti ya kuendesha mwenyewe na kusubiri kubebwa. Anayeiita gari la kike nadhani hajawahi kukaa saa mbili kwenye foleni akiwa na maumivu, na anawadharau wanawake na wagonjwa kwa pamoja.

Mlima nao una haki yake. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina zaidi ya kilomita thelathini za kona, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili. Kupanda siyo kazi. Kazi ni kushuka na mzigo. Dereva wa manyuali hushuka kwa gia ya pili au ya tatu, akiiacha injini imzuie, na breki anaigusa kwenye kona tu. Jambo hilo hilo hufanyika Kitonga kwa wanaotoka Iringa, na Sekenke kwa wanaotoka Singida kwenda Igunga.

Je, otomatiki haiwezi? Inaweza, na hapa ndipo ujinga unapotuua. Wengi wanashusha mlima wakiwa kwenye D mwanzo hadi mwisho. Kwenye D giaboksi huona gari linaenda kasi bila kudai nguvu, hivyo hupanda gia ya juu, na injini inaacha kuzuia. Dereva anabaki na breki peke yake. Zinapata moto, zinaanza kunuka, na mwisho pedali inazama bila kushika. Zile herufi na namba zilizo chini ya D hazikuwekwa kuwa mapambo. Kwenye otomatiki ya kawaida, 2 na L ndizo gia za mlima. Kwenye CVT nyingi za Toyota ni S na B. B ndiyo inayozuia zaidi. Punguza mwendo kabla ya mteremko, vuta mkono kwenye herufi hiyo, na utaisikia injini ikinguruma na gari likitulia.

Wapo pia wanaoweka nyutro mteremkoni wakiamini wanaokoa mafuta. Hilo ni kosa kwa magari ya aina zote. Injini ya kisasa inayopuliza mafuta kwa kompyuta huyakata kabisa gari linaposhuka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya pedali. Ukiweka nyutro unailazimisha inywe ili isizimike, na juu ya hayo umeitupa breki ya injini.

Kuhusu mafuta

Imani kwamba otomatiki inakula mafuta ina asili ya kweli. Ile oili inayoteleza kwenye bakuli inapoteza sehemu ya nguvu kama joto, na otomatiki za zamani zilikuwa na gia tatu au nne tu wakati manyuali ilishafika tano. Lakini mambo yalibadilika. Iliongezwa klachi ya ndani inayolifunga bakuli gari likishapata mwendo, ili oili isiteleze tena. Gia ziliongezwa hadi sita, nane na zaidi. CVT nayo inaweza kuiweka injini kwenye mzunguko wake wa nafuu karibu muda wote. Kwa gari la miaka hii tofauti ya mafuta imekuwa ndogo, mara nyingine ipo upande wa otomatiki, na mguu wa kulia wa dereva ndio unaoamua zaidi kuliko sanduku lenyewe. Mafuta yasiwe sababu yako ya kwanza.

Sumaku ya fundi

Sababu ya kwanza, kwa maoni yangu, ni matengenezo, na nimelipia kujua hivyo. Nilikuwa na IST ya toleo la pili. Gereji moja niliyoiamini ilinibadilishia oili ya giaboksi, nami sikuuliza chochote zaidi ya bei. Baada ya wiki chache gari lilianza kutetemeka kila linapoondoka kwenye taa, kisha likaanza kuvuma kama bati linalopigwa na upepo. Nikalipeleka kwa fundi mwingine, mzee wa kazi.

Alimwaga oili akaidondoshea kwenye karatasi nyeupe. Ilikuwa nyeusi na ina harufu ya kuungua. Kisha akafungua sinia la chini na kunionyesha sumaku ndogo ya mviringo inayokaa humo kukusanya chembe za chuma. Haikuonekana kuwa sumaku. Ilikuwa imefunikwa na tope la kijivu, laini kama masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Akalisugua kwa kidole gumba, likang'aa kwenye mwanga.

"Bosi, huu ni mkanda na puli zako," aliniambia. "Walikutilia oili ya otomatiki ya kawaida. Hii ni CVT."

Gari halikuwa na kosa. Oili ya otomatiki ya kawaida ya Toyota imeandikwa T-IV au WS. Ya CVT imeandikwa TC au FE. Nissan wana NS-2 na NS-3. Herufi hizo zimo kwenye kitabu cha gari, na kwenye magari mengi zimechapwa pia kwenye kijiti cha kupimia oili. Oili isiyo yake haiushiki mkanda, mkanda unateleza, chuma kinasagana na chuma, na giaboksi inajila yenyewe. Ilibidi nitafute nyingine ya mtumba Gerezani, Kariakoo, na hata hiyo niliinunua nisijue ilikotoka ilitunzwaje.

Manyuali haina siri kubwa kiasi hicho. Klachi ikiisha, gari linakuonya: injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki. Fundi wa Tunduma au wa Bariadi anashusha sanduku, anabadili sahani, presha na beringi, na kesho yake unaondoka. Betri ikifa porini, vijana wanasukuma, unaachia klachi kwenye gia ya pili, gari linawaka. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu inayopeleka presha kwenye klachi za ndani huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima hakuna presha, na magurudumu hayaikamati. Kwa sababu hiyo hiyo otomatiki haivutwi kwa kamba safari ndefu huku magurudumu yanayoendesha yakiwa chini: gia za ndani zitazunguka bila kulainishwa. Inyanyuliwe au ipakiwe.

Sisemi haya kumtisha mtu. Otomatiki ya kawaida ya gia nne au tano, ikipata oili yake kwa wakati, huzeeka pamoja na gari. Ukipenda boga, penda na ua lake: anayependa raha ya pedali mbili apende na gharama ya oili sahihi na fundi anayeisoma.

Gia za kesho

Kwenye malori, ambako manyuali ilionekana haitaondoka, roboti ameshaingia. Volvo walileta I-Shift mwaka 2001, na Scania wana Opticruise. Ndani yake gia na sahani ni zile zile za manyuali, ila kompyuta ndiyo inayokanyaga klachi na kuchagua gia. Dereva anayevuta tani thelathini kutoka bandarini hadi mpakani anafika akiwa hajachoka sana, na klachi haiungui ovyo.

Kwenye magari madogo mwelekeo ni mmoja. Aqua na Prius, zinazozidi kuonekana mitaani, zina mota za umeme na seti ya gia za sayari, bila mkanda wa chuma wala klachi ya mguu. Gari la umeme tupu lina uwiano mmoja tu mara nyingi, kwa kuwa mota, tofauti na injini, huvuta hata ikiwa imesimama. Ule udhaifu wa kuzaliwa wa injini ukiondoka, sababu ya gia nayo inaondoka.

Hata hivyo namsihi kila kijana ajifunze kwa manyuali. Uingereza anayefaulu mtihani kwa otomatiki huruhusiwa otomatiki peke yake, na Kenya nayo hutenganisha aina hizo mbili kwenye leseni za magari madogo. Kwetu ajira ya udereva bado iko kwenye Hiace, Coaster, Canter na Land Cruiser za mashirika, na nyingi kati ya hizo zina pedali tatu. Asiyeijua klachi amejifungia mlango wa kazi. Pia aliyejifunza kwa klachi anajua kwa mwili wake maana ya kushuka kwa gia ndogo, na maarifa hayo yatamlinda hata akiwa ndani ya otomatiki.

Majibu mawili

Dada yangu nilimwambia auze la klachi atafute IST ya kwanza au gari jingine dogo lenye otomatiki ya kawaida ya gia nne, amwagize fundi asome herufi za oili kabla ya kumwaga, na mguu wa kushoto aupumzishe sakafuni, usiguse breki kamwe. Alinunua. Goti halijapona, lakini jioni anafika nyumbani bila kuchechemea.

Mpwa wangu nilimwambia asubiri Probox ya gia tano, ya kabla ya 2014, hata kama itachukua miezi miwili zaidi kuipata. Ana mlima kila siku, ana mzigo kila siku, na fundi aliye karibu naye anajua klachi kuliko kitu kingine chochote. Kama angekuwa anauza kabichi hizo hizo Kariakoo, ningemjibu kama nilivyomjibu mama yake.

Alilipata mwezi wa tatu. Nilipokwenda kumtembelea tulishuka wote na mzigo wa karoti hadi Mombo, kwa gia ya pili sehemu kubwa ya njia, injini ikinguruma taratibu. Tulipofika chini nilishuka nikasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele. Ilikuwa ya vuguvugu tu.